Picha za Tekla

Kila jioni, wakishafagia darasa, Lusungu na Tekla walibaki kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao huko Mtoni. Walikuwa darasa la saba, na walikuwa wakitengeneza mchezo wa kuchekesha kwa kuiga ule wa zamani wa mtu anayeruka matofali kwenda kumwokoa binti mfalme. Wao waliweka baba mwenye kitambi, anayeruka madimbwi na bajaji akitafuta mtungi wa gesi. Kila akifika mwisho wa njia, mwenye duka humwambia, "Mitungi imeisha, jaribu duka la mbele."

Lusungu aliandika maagizo ya kompyuta. Tekla alichora picha zote kwenye daftari la miraba, mraba baada ya mraba, mpaka kitambi kikawa kinatikisika baba akiruka.

"Huyu si baba yako kweli?" Lusungu alimtania.

"Baba yangu haruki. Huyo ni wewe ukizeeka."

Siku ya maonyesho ya shule watu walivunjika mbavu. Mgeni, mama mmoja mwalimu wa chuo cha ufundi, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Na picha hizi, kijana, kachora nani?"

Tekla alikuwa nyuma, akiwapanga wadogo foleni. Lusungu alimwona.

"Mimi mwenyewe, mama."

"Basi nichoree mbuzi hapa hapa. Nataka amzibie huyu baba njia."

Lusungu alishika penseli. Alichochora kilifanana na meza. Watoto wakacheka, safari hii wakimcheka yeye.

Mwalimu Polikarpo, msimamizi wao, hakucheka. "Tekla, njoo umchore huyo mbuzi."

"Mwenye picha si huyo, Mwalimu?" Tekla alisema. "Achore."

Lusungu aliweka penseli chini. "Nimesema uongo. Picha zote ni za Tekla."

Mwalimu aliurudisha mchezo mwanzo. Kwenye kioo palisomeka shukrani kwa waliobuni mchezo wa zamani, kisha jina la Lusungu peke yake.

"Umewashukuru watu wa ng'ambo usiowajua," alisema Mwalimu. "Huyu wa dawati lako umemwacha. Na maneno haya hukuyaandika leo, uliyapanga mapema."

Lusungu aliandika jina la Tekla mbele ya wote, juu ya lake. Mgeni akawaalika wote wawili chuoni wakati wa likizo.

"Nitakuja, mama," Tekla alisema. "Ila mnipe mtu mwingine wa kufanya naye kazi." Akaondoka na daftari lake.

Wakizima kompyuta, Lusungu aliuliza, "Mwalimu, si nimesema ukweli? Mbona bado kanuna?"

"Hajanuna, amekujua," Mwalimu alijibu. "Umesema ukweli baada ya mbuzi kukushinda. Ungeusema ulipoulizwa, mngetoka hapa pamoja. Ukichukua kazi ya mwenzako ukaiita yako, jina lake unaweza kulirudisha mara moja. Kukuamini tena ni juu yake, na huna haki ya kumharakisha."