Nani Alitangulia Ruangwa

Jua lilikuwa linazama nilipomfunga mwanangu mgongoni, nikabeba bakuli la unga wa mtama na kushika njia ya Malolo. Nilikuwa namwombea mume wangu, Rashidy. Alikuwa amelala ndani, miguu imekuwa ya baridi hadi magotini, na baridi ilizidi kupanda.

Ilianza baada ya mashindano ya pikipiki ya Nachingwea hadi Ruangwa, yale ya tangu enzi za mashamba ya karanga. Rashidy na Shija, kijana wa wafugaji, walivuka mstari wa mwisho pamoja ndani ya vumbi. Waamuzi wakampa Rashidy ushindi. Watu wakabishana mpaka wakashikana mashati.

Shija hakuwepo kubishana. Alipitiliza. Walimkuta mbele, kwenye kona ya Malolo, amekufa.

Tangu hapo, kila magharibi pikipiki inazunguka nyumba yetu. Ukitoka, huoni hata alama ya tairi.

Mama mkwe wangu, Mwamina, alinielekeza nimwage unga pale kwenye kona, nimsihi Shija amwachie Rashidy. Akanionya nipime maneno, maana lisemwalo juu ya unga halirudishwi.

Nilipiga magoti. Nikamwaga.

Harufu ya petroli...

"Shemeji."

Alisimama nyuma yangu, mwekundu kwa vumbi. Shija huyu ndiye aliyenipeleka hospitali usiku wa uchungu wa mwanangu, akanivika koti lake, yeye akatetemeka njia nzima. Nilimwogopa, na nilimhurumia.

"Nani alitangulia?" akanong'ona. "Mimi mwenyewe sikuona."

Ningeweza kusema ni yeye. Lakini nilitaka wote wawili waridhike, kama unavyogawia watoto ugali.

"Mlifika pamoja."

Akageukia barabara ya Nachingwea. Nyenje wakanyamaza.

"Basi hatujamaliza, shemeji."

Nilikimbia nyumbani. Mwamina alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Akaniambia Rashidy ameinuka mwenyewe, amevaa helmeti, amewasha pikipiki. Yeye alimwita, Rashidy hakugeuka.

Kutoka upande wa Nachingwea zikasikika injini mbili, bega kwa bega.

"Shija, umeshinda wewe!" nikapiga kelele gizani. "Chukua, nirudishie mume wangu..."

Unga ulikuwa umeshamwagwa.

Nimekaa kizingitini. Zinakaribia. Zinakaribia...

Moja imezimika.

Inayobaki inaingia uani, taa haijawashwa, sioni nani ameipanda. Mwanangu ameinyooshea mikono, anacheka.

Mimi siwezi kuinuka.