Kitanda Alichokataa Kukimaliza

Barabara ya mpakani Tunduma ilikuwa imeshonana malori, na mbele ya duka moja la vifaa vya ujenzi pale Sogea watu walipishana kwa viwiko. Enesi alikuwa anatoka dukani amevaa gauni jipya la kitenge cha njano, lililomkaa kiunoni kama limechorwa. Mkononi alishika kopo la rangi ya mbao ambalo muuzaji alikuwa amelifungua ili aione rangi. Mbele yake kijana mrefu alikuwa amebeba ubao begani. Mtu akamwita kijana yule kwa jina, naye akageuka mzima mzima. Ncha ya ubao ikalipiga kopo, na rangi ya kahawia ikamwagika kutoka kifuani kwa Enesi hadi magotini.

"We kaka! Huna macho?"

"Macho ninayo. Wewe ndiye unayetembea na kopo wazi kama unauza uji."

"Hata pole huna?"

"Ningekupa kama usingenifokea."

Enesi aliliangalia gauni lake, kisha akauangalia ubao. Akapitisha kiganja juu yake taratibu, mbele ya watu wote.

"Ahaa. Mtu anayeacha mbao inakwaruza kama gamba la samaki, gauni la mwenzake atalionea wapi huruma?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana alivimba uso, akaondoka na ubao wake.

Jina lake lilikuwa Jairo, seremala wa Maporomoko, mzaliwa wa Ikinga kule Ileje. Alisifika kwa maungio yasiyolia hata kitanda kikilaliwa na mtu mnene. Enesi naye alikuwa na kibanda chake Majengo. Maseremala walimpelekea samani, yeye akazipiga msasa, akazipaka rangi na vanishi mpaka mtu ajione uso. Walimhitaji, na walimwogopa, kwa sababu kazi mbovu aliirudisha pamoja na matusi.

Wiki iliyofuata guta likasimama mlangoni kwake na kitanda juu. Jairo akashuka, akamwona, akasonya.

"Nimeelekezwa kwa fundi Enesi. Sikujua ni wewe."

"Ungejua?"

"Ningekipeleka Vwawa."

"Njia ya Vwawa haijafungwa, kaka. Geuza."

Lakini jicho lake lilikuwa limekwishanaswa na kitanda. Kilikuwa cha mninga mtupu, na ubao wa kichwani ulichongwa matawi ya mibuni yenye matunda. Maungio yake yalishikana kama vidole vya mtu anayesali. Ila juu yake palikuwa na alama za randa, matone ya gundi iliyokauka na mistari ya penseli ambayo hakuna aliyeifuta.

"Umechonga hivi, halafu ukashindwa kukilainisha?"

"Sina muda."

"Muongo. Ni cha harusi ya nani?"

"Ya watu. Piga msasa, dada. Maswali sikuyaleta."

Alikichukua. Na kila alasiri Jairo akawa anakuja, eti kukagua. Walianza kugombana kabla hajavuka kizingiti. Siku moja alishika kipande cha msasa akasugua mguu wa kitanda kingine kilichokuwa pembeni. Enesi akampiga mkononi.

"Fuata nyuzi za mbao! Ukizikata, rangi ikiingia itaonyesha kila mkwaruzo uliouficha."

"Unafundisha watu kama polisi wa barabarani."

"Na wewe unajifunza kama dereva mlevi."

Akacheka. Alipocheka ndipo Enesi alipogundua kwamba mwanamume yule ana kishimo shavuni, akakasirika zaidi. Kesho yake Jairo alitupa kifurushi juu ya meza. Ndani mlikuwa na kitenge cha njano.

"Hiyo ndiyo pole. Usinidai tena."

Baada ya hapo simu zikaanza.

"Umekula?" Jairo aliuliza jioni moja.

"Nimekula matusi yako ya mchana, yamenishibisha."

"Basi kesho nitakuletea mengine, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Koma!" Lakini hakukata simu.

Ila kitanda kile Jairo hakukigusa. Alikaa mbali nacho, akakitazama kama mtu anayemtazama mdai wake. Enesi aliona, akaendelea na kazi. Alikipaka rangi, akakipaka vanishi, kikang'aa kama asali.

Asubuhi moja Recho, muuza chai wa jirani, aliingia na birika na habari.

"Shoga, una moyo! Unampambia mwenzio kitanda?"

"Mwenzangu nani?"

"Mama yake Jairo yuko mjini. Nimemkuta sokoni ananunua mashuka meupe ya harusi. Anasema, mwanangu amechonga kitanda, Jumamosi tuna ndoa. Watakuwa wamemtafutia binti wa huko kwao."

Enesi alipiga simu hapo hapo.

"Jairo, mama yako yuko Tunduma?"

"Yuko."

"Jumamosi kuna ndoa?"

"Nani kakwambia?"

"Ipo au haipo?"

"Ipo. Enesi, hilo jambo silipendi, usiniulize."

"Hulipendi, lakini litafanyika?"

"Nitafanyaje? Ni mama yangu ndiye aliyeamua."

Enesi alikata simu. Akamtoa Recho nje, akafunga mlango. Akachukua msasa mkali kuliko yote aliyokuwa nayo, akaufunga kwenye mashine, akakishukia kitanda. Vanishi ikatoka, rangi ikatoka. Vumbi la kahawia lilimjaa kwenye kope na midomoni, likachanganyika na machozi, naye hakusimama. Simu ililia mezani mpaka ikachoka. Alipofika kwenye matawi ya mibuni ndipo mkono ulipogoma. Hayo aliyaacha.

Kesho yake mama mmoja mnene, kilemba kimefungwa vizuri, alipiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Mama Jairo. Nimekuja kukiona kitanda changu."

"Kitanda… chako?"

"Changu na Mzee Yesaya, mkulima wa kahawa kule Mbozi. Tunafunga ndoa Jumamosi. Jairo hakukwambia?" Mama akatikisa kichwa. "Ananionea aibu. Anasema watu watacheka, bibi kizee kuvaa shela. Alichonga kwa sababu nilimwomba. Ilipofika kukilainisha akasema mkono wake umekataa."

Enesi alipiga magoti sakafuni, katikati ya vumbi.

"Mama, nimekiharibu."

Mama alikitazama kitanda kilichovuliwa rangi, akamtazama binti mwenye macho mekundu.

"Ulidhani ni cha nani?"

Enesi alifunika uso kwa viganja. Mama Jairo alianza kucheka, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mama akiwa bado anajifuta machozi, Jairo akaingia mbio, shati limelowa jasho. Akakiona kitanda.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Enesi alisema, akasimama.

"Una wazimu? Haki hiyo umepewa na nani?"

"Sikuwa nayo. Nimekosa, na mwenye kitanda nimemwomba radhi. Na wewe? Umeona heri nidhani unaoa kuliko kutamka kwamba mama yako anaolewa!"

"Usimwingize mama yangu!"

"Umemficha wewe kama gunia la magendo!"

"Nyamazeni!" Mama Jairo alisimama, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Jairo, nilipobaki mjane nilikulea bila kukuomba ruhusa, na leo sikuombi. Kitanda kikiwa na rangi nitakilalia, kikikosa nitakilalia." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Walibaki wawili, kila mmoja anahema. Enesi alishika mashine, na Jairo akamzuia. Aliokota msasa laini, akachuchumaa, akaanza kusugua kwa mkono. Walifanya kazi kila mtu upande wake, bila kutazamana.

"Unakata nyuzi," Enesi alisema kwa ukali.

"Sikati."

"Unakata."

Akageuza mkono, akafuata nyuzi. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Niliona nikikilainisha nitakuwa nimemzika baba mara ya pili."

Enesi alifungua kopo la rangi, akamsogezea tambara. Yeye akapaka, Jairo akapangusa nyuma yake kabla rangi haijakauka, na viwiko vyao vikagusana, wala hakuna aliyesogea.

Jumamosi, kanisani Mbozi, Mama Jairo aliingia na shela refu. Kwenye viti vya nyuma watu walicheka kwa sauti. Jairo aligeuka, akawakazia macho mpaka vichwa vikainama. Kisha akatoka kwenye kiti chake, akampa mama yake mkono, akamsindikiza hadi madhabahuni mwenyewe, uso umekunjamana, machozi yanatiririka, anaonekana na kila mtu.

Baada ya ibada alimkuta Enesi nje, kando ya ukuta wa kanisa, anakung'uta mchele uliomwangukia kwenye nywele.

"Bado nimekukasirikia," Jairo alisema.

"Na mimi pia. Umefuata nini hapa?"

"Nataka kuja kwenu Chapwa. Nataka kukuoa, Enesi."

"Nikikataa?"

"Nitarudi tena, nikiwa na hasira."

"Nikikubali?"

"Tutagombana mpaka tuzeeke. Sina uongo wa kukupamba nao."

Enesi alimtazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuamua kama ataupokea au ataurudisha.

"Njoo Jumapili," alisema. "Baba huwa nyumbani. Na usitume mshenga akuzungumzie. Utaingia mwenyewe, utasimama mbele ya watu wa kwetu, utasema kwa mdomo wako unataka nini. Kwa sauti."

"Nitasema."

"Anza sasa. Wale shangazi zako pale wananiuliza mimi ni nani."

Jairo alimshika mkono, akamvuta katikati ya uwanja wenye vigelegele, akafungua kinywa.