Ndugu Sita Ndani ya Giaboksi

Kila asubuhi kinyozi alimbeba binti yake mgongoni hadi kwenye gari. Mkewe alipakia kiti cha magurudumu kwa nyuma. Kiti hicho hakikunjiki. Gari lao la zamani, lenye mgongo mrefu na injini ya tabo, ndilo pekee lililokimeza kizima. Lilikuwa limetembea kilomita laki tatu na arobaini elfu.

Binti walimwita Tega, maana hakumwacha mtu bila kitendawili.

"Baba, kitendawili!"

"Tega, Tega."

"Ndugu sita chumba kimoja. Watano huenda mbele, mmoja hurudi nyuma. Wakigombana, hakuna anayesafiri."

"Hao ni wewe na binamu zako."

"Umeshindwa! Nipe mji."

"Chukua huu, pamoja na vinyozi wake."

"Ni gia za gari, baba!"

Mama alicheka mpaka mlango ukamponyoka.

Shule ilikuwa juu ya mlima. Katikati ya mlima, gia ya pili iliruka. Injini ilinguruma, lakini gari halikusogea. Kisha likaanza kurudi nyuma.

"Breki, Baba Tega! Breki!"

Kinyozi alikanyaga breki na kuvuta breki ya mkono. Mama aliruka nje, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Waliteremka polepole kurudi nyumbani, na siku hiyo Tega hakutega tena.

Ilikuwa Jumatano. Jumatatu mtihani wa mwisho ungeanza. Mlima ule haupandiki kwa kiti cha magurudumu.

"Nilikwambia gia inalia," mama alisema.

"Ikanyamaza nilipoitia oili nzito."

Kweli ilinyamaza. Mteja mmoja pale kwenye kiti cha kunyolea alimpa ushauri huo: tia oili nzito kama asali. Kinyozi akatia. Kelele zikapungua, naye akajisifu mtaa mzima kwamba dawa imekubali.

Alhamisi alifunga duka mapema, akaenda wanakouza vipuri vya magari yaliyokatwa. Akaona gari kama lake, umbo lile lile, hata rangi ile ile. Akarudi na giaboksi yake, lile sanduku la gia, kwenye toroli, huku akipiga mluzi. Akaipeleka moja kwa moja kwa jirani yao, Fundi Kimya, mkewe na Tega wakimfuata.

Fundi Kimya alikuwa mwanamke wa makamo. Jina hilo alilipata kwa sababu huwa hasemi neno kabla hajalisikiliza gari. Alichuchumaa, akaifuta giaboksi kwa tambara, akaitazama.

"Jirani," alisema, "umeliletea gari lako mgeni, si ndugu."

"Mgeni vipi, Fundi? Hawa ni pacha kabisa! Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako yamezoea vichwa," mkewe alisema. "Kwa vyuma, tulia."

Fundi alikwenda kwenye gari lao, akafungua boneti. Akamwita Tega asogee na kiti chake.

"Nisomee namba ya giaboksi kwenye kibao hiki."

"M, saba, mbili."

"Na iliyochongwa kwenye hii ya baba?"

"M, tano, mbili. Baba, hazifanani!"

Kinyozi alikuna kidevu. "Sasa namba moja ina neno gani?"

"Sikiliza," Fundi alisema. "Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini. Inasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Injini inapata nguvu zaidi. Nguvu hiyo yote inapita kwenye giaboksi ndipo ifike kwenye magurudumu. Hii imetoka kwenye gari lisilo na tabo. Meno yake ni membamba. Ningeifunga, ingeingia vizuri tu. Halafu siku moja meno yangevunjika, hukohuko mlimani."

Kinyozi alimtazama binti yake. Hakutania tena. Alipakia giaboksi kwenye toroli, akairudisha. Ijumaa aliambatana na Fundi. Walitafuta mpaka wakaipata yenye M, saba, mbili. Fundi aliizungusha kwa mkono, akaweka sikio. Akaingiza gia moja moja, zote sita. Ndipo akasema, "Huyu ni ndugu."

Jumamosi kazi ilianza, injini ikiwa baridi. Fundi alitoa waya wa betri. Alinyanyua gari kwa jeki, kisha akaliweka juu ya stendi nne za chuma. Kinyozi alitaka kuchungulia mapema.

"Toka!" Fundi alisema. "Jeki hunyanyua tu, haishikilii. Ngoja nilitikise kwanza."

Alilitikisa. Halikucheza. Akaingia chini.

Kinyozi alivutiwa na jambo moja hasa. Fundi alichora umbo la giaboksi kwenye boksi la karatasi ngumu. Kila bolti aliyoitoa aliichomeka pale pale ilipotoka, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyochanganyika. Hata yeye kinyozi hapangi mikasi yake hivyo.

Oili ilipotoka, ilishuka polepole. Ilimetameta kama ina vumbi la fedha.

"Hayo ni meno ya gia yaliyosagika," Fundi alisema. "Oili nzito haikuponya kitu. Iliziba kelele tu, na gari likiwa baridi haifiki pembeni upesi. Tia ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kipimo chake. Na klachi yako, inayounganisha injini na giaboksi, imekwisha. Tuibadilishe sasa kila kitu kikiwa wazi, tusije tukashusha mzigo huu mara ya pili."

"Na gia ya pili, ilirukaje?"

"Mkono wako unakaa wapi ukiendesha?"

Mama akadakia: "Juu ya gia! Kama amelalia mkono wa kochi!"

"Basi. Uzito huo unasukuma uma unaoshika gia ndani. Uma unalika kidogo kidogo. Badili gia, kisha rudisha mkono kwenye usukani."

Jumapili jioni Fundi alilijaribu gari, akakagua kama oili inavuja. Palikuwa pakavu.

Jumatatu walipanda mlima. Gia ya pili iliingia kama kisu kwenye siagi. Kinyozi alitabasamu, na mkono wake ukaanza kuteremka taratibu.

"Baba, kitendawili!"

"Tega."

"Nimelala juu ya ndugu sita, nao wanafanya kazi."

Kinyozi alifikiri. Akautazama mkono wake, akauondoa haraka.

"Ni mkono wangu!"

"Umepata! Leo mimi ndiye ninayetoa mji."

Gari lilipanda bila kulia, mpaka kwenye lango la shule. Mama alishusha kiti. Tega aliweka kalamu zake mapajani, akageuka.

"Chukua huu wa juu ya mlima, baba. Sasa unaufikia."