Musemaji wa Katungu

Umeme ulikatika Kimemi, mtaa wa Butembo, ukurasa wa mwisho ukiwa nusu ndani ya mashine. Sadrack, kijana mwenye duka la kuchapisha, shati jeupe limekunjwa mikono, akachungulia maandishi yaliyobaki nje.

"Dada, huyu binti wa kitabu chako alifungua mulango ao hapana?"

"Chapisha, njo utajua," Katungu akajibu, akirekebisha kitenge chake cha kijani.

"Donc leo sifungi. Tutangojea courant pamoja."

Wakangojea, mvua ikipiga bati, wakila mahindi ya kuchoma. Tangu siku ile Sadrack akawa anamwita "mwandishi wangu", naye akimwita "bwana mashine".

Katungu alikuwa ameandikia vijana hadithi ya binti anayesukuma chukudu cha marehemu baba yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wajomba wakikataa. Sasa alitafuta ajenti, yule mutu anayemsemea mwandishi mbele ya wenye kuchapa vitabu. Wengi hawakujibu. Mama Germaine wa Lubumbashi peke yake aliomba kusoma.

Sadrack alipohamia Beni kufungua duka lingine, simu zake ziliendelea kuwa tamu, mpaka jioni moja.

"Chérie, nilipigia Mama Germaine. Anataka hadithi ihamie Lubumbashi. Nikamuambia mimi ni fiancé, mchumba wako, na umekubali hadithi ihame."

Katungu akasikia jenereta ya Beni ikinguruma ndani ya simu.

"Nani alikutuma?"

"Mais, nilikuwa nakusaidia."

"Ulitoa Butembo yangu sawa mutu anatoa mbuzi ya jirani."

Akakata simu. Akalia, akanawa uso, kisha akampigia Mama Germaine mwenyewe.

"Mama, binti wangu anasukuma chukudu kwenye vilima vya Butembo. Lubumbashi hapana. Kama haiwezekani, nitatafuta ajenti mwingine."

Mama akajibu, "Vilima hivyo mimi sivijui. Viandike vizuri nichoke navyo. Tutafanya kazi. Na mbele ya kusema neno kwa jina lako, nitakuuliza."

Kesho yake Katungu akapanda teksi ya Beni. Akamkuta Sadrack ameinamia mashine, wino shavuni, amekonda.

"Nilikosa," akasema bila kuinua macho. "Nilisema pahali pako, na weye uko na kinywa."

"Ajenti niko naye sasa. Yeye anauliza kwanza." Katungu akamfuta wino kwa pembe ya kitenge. "Weye pia tafuta musemaji. Baba yangu hapokei kijana anayejiposea mwenyewe."

Sadrack akainua macho. "Nimutume lini?"

"Mbele ya kumutuma, niulize mimi."

Sadrack akazima mashine, akamwuliza.