Waya Nne za Plagi

Kapteni Naboth alifunua boneti ya gari lake jekundu la michezo kama mtu anayefunua maiti.

"Tazama, afande. Wamenimaliza."

Inspekta Norah, mpelelezi wa polisi wa Mbarara, alitazama. Injini nzima. Waya nne za plagi, nyekundu, mpya, zinameremeta.

"Sioni kilichoibwa."

"Zangu zilikuwa nyeusi, za kiwandani. Hizi ni za dukani. Gari inakimbia sawasawa, lakini tangu itoke gereji redio inakwaruza. Jumapili mpira wote nimesikia mtu anakaanga karanga."

Norah alijizuia kucheka. Mwizi gani huiba kikuukuu akaacha kipya?

Gereji ilikuwa mtaa wa Nyamitanga. Mwenyewe, Wasswa, alileta mita akapima waya moja nyekundu, kisha nyeusi ya kiwandani aliyoichomoa kwenye gari jingine.

"Za dukani ni shaba tupu, afande. Moto wa plagi unapita mbichi, kila redio ya karibu inapiga kelele. Za kiwandani zina kaboni ndani. Kelele inafia humo."

"Nani alihudumia gari la Kapteni?"

"Modeste, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Fundi kwelikweli."

"Yuko wapi?"

"Leo Alhamisi? Huomba ruhusa. Ati anakwenda kusikiliza redio."

Norah alifunga daftari. Sasa alijua cha kutafuta: injini inayonguruma kando ya redio isiyokwaruza.

Alifika Base Camp, katikati ya Nakivale, pamoja na konstebo wake, saa saba kasoro. Nyuma ya soko, injini ya petroli ya gari bovu ilizungusha mashine ya kusaga mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Juu ya gunia, hatua tatu tu kutoka kwenye injini, redio ndogo ilizungumza. Sauti safi kabisa, kana kwamba mtangazaji amesimama pale.

Modeste, aliyekuwa akiihudumia mashine, alipoona pingu alijifuta grisi mikononi. Norah akaonyesha waya nne nyeusi kwenye injini.

"Waya hizi ni za nani?"

"Za Kapteni, madame. Ni miye nilizikamata, nikazileta hapa."

"Ukamwekea mpya?"

"Mushahara yangu yote ya mwezi. Nilisema, mwenye gari ya vile anasikilizaka injini. Sikujua anasikilizaka mupira."

"Kwa nini hukuziweka hizo mpya hapa?"

"Zinapiga kelele sawa zile za zamani za mashine hii. Na redio ya Kivu inashika fasi hii tu, kule ingine kilima kinakata. Alhamisi saa saba banasoma majina ya bantu benye ndugu banabatafuta. Mashine haiwezi kusimama, bantu ni mingi. Myaka tatu tulisikia kelele tu."

Mama mmoja akatoka kwenye foleni na beseni lake. Pélagie, alijitaja.

"Juma iliyopita balisoma jina yangu, afande. Mutoto wangu Pascaline iko Uvira. Iko muzima. Tangu vita ya tisini na nane nilimuliaka sawa mufu."

Norah alitazama zile waya nne, nyembamba, chafu kwa unga.

Konstebo wake akainama kuzing'oa, kwa kuwa kielelezo ni kielelezo. Norah akamshika bega.

"Na wewe, Modeste, limesomwa lako?"

"Bado. Namutafuta mama."

Foleni nzima ikanyamaza. Mtangazaji akaanza na herufi A.

"Tutakwenda Mbarara, wewe na waya," Norah alisema. "Lakini wewe ni M."

Akavuta gunia, akakaa.