Foleni ya Mawe

Hapa Kyumbi, maji yakiadimika, tunapanga mitungi kisimani halafu tunarudi nyumbani. Mtungi unakushikia nafasi. Kwenye zahanati tunafanya vivyo hivyo, ila kwa mawe. Mimi, Kasiva, ndiye humwekea nyanya jiwe kabla ya kwenda shule, kwa sababu miguu yake inamsumbua.

Januari ile ya 2008, fujo za uchaguzi zilifunga barabara na dawa zikakwama. Siku chupa chache za insulini zilipofika, nilipokwenda kuweka jiwe la nyanya nilimkuta Mama Furaha langoni mwa zahanati, amembeba bintiye Neema, rafiki yangu. Walikuwa wamekimbia vita Bukavu. Neema ana kisukari, na alikuwa amekosa sindano siku kadhaa. Alikuwa anatapika na kuhema kwa shida.

Lango lilipofunguliwa, watu walikuja mbio, kila mtu akasimama penye jiwe lake. Bawabu, Maundu, akamkazia macho Mama Furaha.

"Wewe mama, jiwe lako liko wapi?"

"Sina jiwe, baba. Niko na mutoto mugonjwa."

"Basi rudi nyuma. Wageni mtangoja wenyeji wamalize!"

Hakuna aliyefungua mdomo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa anaumwa na jino, wa pili alitaka dawa ya kikohozi. Watu wazima wazima, wote wanatazama chini! Hasira zikanipanda.

"Ai! Kwani jiwe ndilo linaumwa?" nilifoka. Nikamshika Mama Furaha mkono, nikamsimamisha penye jiwe la nyanya. "Hii nafasi ni yetu, na nimempa!"

"Huyu mtoto hana adabu!" Maundu akanishika bega.

Kelele zilimtoa nje Sista Syombua, muuguzi. Alimtupia Neema jicho moja tu, akamchukua na kukimbia naye ndani. Alimdunga sindano, akamwekea maji ya mshipani, akaita gari la hospitali. Neema alipotulia kidogo, Sista alitoka, akamkuta Maundu bado amenishika. Uso wake ulikuwa umewaka.

"Maundu, nani alikwambia dawa ni ya wenyeji? Kuanzia leo aliyezidiwa anaingia kwanza, awe wa Kyumbi au wa Bukavu. Mwachilie huyo msichana." Kisha akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Na nyinyi mlionyamaza, msijione wema. Mngenyamaza kidogo tu zaidi, saa hii mngekuwa mnamsaidia huyu mama kuzika."