Neno Lililoandikwa Kwenye Kiriba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja: kujaza udongo kwenye viriba. Kiriba ni kile kimfuko cha plastiki kinachooteshewa mche. Unakishika kwa mkono wa kushoto, unamimina udongo kwa kopo, unakigonga chini mara mbili ili udongo ushuke, kisha unaongeza. Mama alikuwa na kitalu cha miche ya miti nyuma ya nyumba yetu, na watu wote walimwita Mama Miche. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa ndugu yake mti.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kusoma. Macho ya Mama yalikuwa yamechoka na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja tu, hivyo kila karatasi iliyoingia nyumbani ilipitia kwangu: barua ya shule, pakiti ya mbegu, chupa ya dawa ya wadudu. Nilisoma vizuri. Nilijua pia kwamba nasoma vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Muhula ule tulifundishwa shuleni jinsi plastiki inavyokaa ardhini miaka na miaka bila kuoza. Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamkuta Mama anachana viriba vyeusi kwa wembe na kuvirundika kwenye gunia, maana mche haupandwi na kiriba chake. Lazima kichanwe kwanza ili mizizi ipate njia.

"Mama, kitalu chetu kinaharibu dunia!" nilimwambia.

"Haya, mwanangu. Nikimaliza hii miche nitaiomba dunia radhi," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Sikumwachia. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni, mpaka siku moja tulipokwenda pamoja kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka alikuwa mcheshi, mwenye tumbo linalomtangulia. Siku hiyo alikuwa na viriba vipya, vya kijani, vimechorwa jani zuri. Alivitandaza mezani kama mtu anayeonyesha vitenge.

"Hivi ndivyo vya kisasa, Mama Miche. Unapanda na kiriba chake, huchani kitu. Mwambie binti akusomee."

Nikasoma kwa sauti, wateja wengine wakinisikiliza: "Rafiki wa mazingira. Humeguka chenyewe. Panda pamoja na kiriba."

"Kumeguka ndiyo kufanyaje?" Mama aliuliza.

Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Lakini watu walikuwa wananitazama, na lile jani lilikuwa zuri mno.

"Ndiyo kuoza, Mama. Kinaoza kinakuwa udongo."

"Una hakika?"

"Mama! Kwani mimi sijui kusoma?"

Mwenye duka alicheka, akaanza kufunga mzigo. Tulirudi nyumbani na viriba vya kijani, na njia nzima nilitembea kifua mbele.

Miche sitini tuliyootesha kwenye viriba vile ilikuwa ya zahanati. Muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Sista, alitaka miti ya kivuli mbele ya jengo, kwa sababu wagonjwa walisubiri zamu zao kwenye mabenchi yaliyopigwa na jua tangu asubuhi. Kina mama waliwafunika watoto wachanga kwa khanga, na wazee walihamisha viti kufuata kivuli cha ukuta. "Mama Miche, nakutegemea wewe," Sista alikuwa amesema.

Miche ilipokuwa bado kitaluni, midomo ya viriba ilianza kupukutika kwa jua. Vipande vya kijani vilidondoka vyenyewe. Nikamwita Mama kwa furaha: "Unaona? Vinaoza!" Mama aliokota kipande kimoja, akakisugua kati ya vidole, akarudi kumwagilia.

Mvua zilipoanza tuliipanda yote sitini zahanatini, pamoja na viriba vyake. Sista alitupigia makofi. Mimi nilitembea kati ya mashimo kama mkaguzi.

Wiki ya tano majani yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani ni kiu, nikawa napita zahanatini kila nikitoka shule, nabeba ndoo mbili mbili. Haikusaidia. Nikadhani ni wadudu, nikageuza jani moja moja, nisione mdudu. Wiki ya saba miche kumi na moja ilikuwa imekauka kabisa, na mingine ilisimama tu bila kukua, wala hai wala maiti. Nilikuwa nasimama mbele yake na ndoo yangu, sijui nifanye nini. Mgonjwa mmoja mzee aliniuliza, "Mjukuu wangu, hii miti imepatwa na nini?" Nikainama kumwagilia. Nilitamani anikemee; badala yake akanipa pole.

Jumamosi Mama alikuja na jembe. Alifukua mche mmoja, akautoa na udongo wake. Sehemu ya juu ya kiriba ilikuwa imesagika vipande vipande, lakini sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa nzima, ngumu, inang'aa kana kwamba imetoka dukani jana. Ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha, imejizungusha tena, ikakosa pa kutokea.

"Mbona hakijaoza?" nilisema.

Mama alikifunga kile kiriba kwenye upindo wa khanga yake, tukaenda moja kwa moja kwa mwenye duka.

Nilitarajia ugomvi. Nilitaka ugomvi. Lakini mwenye duka alichukua kiriba kipya, akakiweka mbele yangu.

"Hebu soma hapo, binti. Kimeandikwa nini?"

"Humeguka."

"Mkate ukimeguka, umeoza?"

Nilitazama lile neno tena.

"Mkate ukimeguka unakuwa vipande, basi. Na hiki kikipigwa na jua kinakuwa vipande. Wapi pameandikwa kuoza?"

"Lakini wewe ulituambia tupande nacho!" Mama alisema.

"Mama Miche, mimi nimesema kilichoandikwa. Mimi nauza tu, sitengenezi. Namba ya kampuni hiyo hapo, wapigieni."

Tulipiga. Sauti ya kike ilitushukuru kwa kuijali dunia, ikatuomba tusubiri, ukafuata muziki. Tulisubiri mpaka simu ikakatika. Tukapiga tena, tukashukuriwa tena. Mara ya nne Mama alizima simu, akaitia kifuani. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile. Kulikuwa na jani lililochorwa, kulikuwa na neno lisilo uongo, na hakukuwa na mtu wa kumshika shati.

"Twende," Mama alisema. "Kuna miche haijafa bado."

Kabla ya kugusa jembe tena alinipeleka ofisini kwa Sista. Njiani nilimsihi, "Mama, tumwambie ni dukani, wametudanganya."

"Sista hakununua dukani. Alinunua kwangu."

Akamweleza Sista kila kitu, hakuficha hata kidogo: kwamba aliacha njia anayoijua, akapanda na kiriba, na kwamba miche iliyokufa ataioteshea mingine msimu ujao. Halafu akanigeukia, nami nikajua zamu yangu imefika.

"Ni mimi niliyesema kinaoza," nilisema. Machozi yakanitoka bila ruhusa yangu.

Sista alitazama nje dirishani, kwenye yale mabenchi. "Kwa hiyo wagonjwa wangu watakaa juani mwaka mwingine," alisema polepole. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angefoka. Kisha akavuta droo, akatoa mkasi wa bandeji, akanipa.

Tulifukua miche arobaini na tisa, mmoja baada ya mwingine. Mama alichana viriba kwa wembe, mimi kwa mkasi. Tulinyoosha mizizi kwa vidole, tukakata iliyojisokota, tukarudishia udongo. Kazi ilituchukua Jumamosi iliyobaki na Jumapili nzima, na mgongo wangu ulilia. Mwezi uliofuata miche thelathini na nne ilitoa majani mapya. Iliyobaki hatukuiwahi.

Lakini vile vipande vya kijani hatukuviweza. Kila nilipokiokota kimoja, kilivunjika mkononi vikawa vitatu. Mvua ilikuwa imevisambaza kwenye udongo, kwenye nyasi, kwenye mfereji unaokwenda mtoni. Kiriba cheusi cha zamani angalau ulikichana ukakitia gunia, ukajua kiko wapi. Hivi vya rafiki wa mazingira hata kuvihesabu haikuwezekana. Nilichuchumaa pale na kopo langu, naokota, naokota, kopo linajaa, na ardhini hakupungui kitu.

"Hutavimaliza," Mama alisema nyuma yangu.

"Najua."

Alichuchumaa kando yangu. Kwa muda aliokota naye.

"Sikiliza," alisema. "Kutaka kuitunza dunia si kosa, usiache. Ila kitu kikijisifu kwamba ni rafiki wa mazingira, kiulize: umetengenezwa na nini, na ukimaliza kazi yako unakwenda wapi? Usipopata jibu, kiache dukani, hata kama kimechorwa msitu mzima. Na vile viriba vyeusi tutavifungua taratibu bila kuvipasua, tuvioshe, tuvitumie tena mpaka vichoke. Havina jani, lakini nitajua viko wapi."

"Ndiyo, Mama."

"Jambo la pili ni lako. Siku nyingine usipojua neno, sema hujui. Hakuna atakayekucheka. Na akikucheka, miti haifi kwa kuchekwa."

Kuna jambo nililokuwa nimelificha tangu siku ile ya dukani.

"Mama, siku ile ulipouliza maana ya kumeguka... nilikuwa siijui."

"Nilijua kwamba hujui," Mama alisema. "Nilikuona machoni. Mimi maana yake naijua tangu utotoni; niliuliza kukupima tu. Lakini ulisoma kwa madaha, watu wakakutazama, nikafurahi kuwa na mtoto kama wewe, nikakaa kimya."

Akakitazama kipande kilichokuwa kwenye kiganja chake, akakitia ndani ya kopo.

"Kwa hiyo tuokote wote wawili," alisema.